Ninavyokariri maneno ya Kichina kwa picha, sauti na video

Kichina kina toni nne, ukiacha ile hafifu, na toni ikibadilika, maana nayo hubadilika. Tāng ya sauti tambarare ni supu; táng ya sauti inayopanda ni sukari. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Guangzhou, mǎi ni kununua na mài ni kuuza. Daftari peke yake haliwezi kumfundisha mtu tofauti hiyo, lazima aisikie. Ndiyo maana maneno yangu nayaweka kwenye simu.

Natumia Anki, programu ya kadi. Ile ya simu za Android, AnkiDroid, ni ya bure, na kadi zikishaingia unasoma hata bando likiisha.

Kutengeneza kadi. Tuchukue supu. Mbele naweka picha ya bakuli la supu niliyoipiga mwenyewe mezani. Nyuma naweka 汤, matamshi yake, tāng, na sauti ya msemaji mzawa kutoka tovuti ya Forvo. Kiswahili sikiandiki kabisa. Nataka nikiliona bakuli, neno lije lenyewe bila mkalimani.

Kuirudia. Kadi ikitokea, kwanza nalitamka neno kwa sauti, ndipo naigeuza na kusikiliza kama toni nimeipatia. Usiharakishe kugeuza: kule kujilazimisha kukumbuka ndiko kunakolikaza neno. Ukipatia, kadi hurudi baada ya siku kadhaa, baadaye wiki, hatimaye miezi. Ukikosa, inarudi muda si mrefu. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi zaidi mwanzoni, kwa hiyo marudio ya mwanzo yakae karibu karibu.

Kulisikia likitumika. Hapa natumia katuni ya Peppa Pig iliyotiwa sauti za Kichina. Kipindi ni dakika tano hivi, na maneno ni ya nyumbani: kula, kulala, kucheza. Natazama kwanza bila maandishi, kisha na maandishi ya Kichina. Baadaye nasimamisha kwenye sentensi moja, naitamka, najirekodi na kulinganisha. Sentensi iliyonikaa vizuri naifanya kadi.

Ukianza, chukua maneno machache kwa siku na uyatengenezee kadi mwenyewe, hata kama mtandaoni kuna maelfu ya kadi zilizokwisha kuandaliwa. Muda unaoutumia kutafuta picha na kusikiliza sauti tayari ni muda wa kujifunza, na neno ulilolihangaikia hivyo halipotei kirahisi.