Nguvu, Kani, Nishati: Istilahi za Mhandisi wa Kwanza wa Ukoo
Mtoto wa Mumosho mara nyingi husema Kimashi nyumbani na Kiswahili sokoni, kisha husomea uhandisi kwa Kifaransa. Akiwa wa kwanza katika ukoo kuingia chuo kikuu, nyumbani hana wa kumfafanulia istilahi.

Tuchukue mtambo wa Ruzizi II, unaozalishia Kongo, Rwanda na Burundi umeme tangu 1989. Kwa kawaida tunasema maji yana «nguvu», basi. Fizikia hutenganisha mambo matatu: kani inayosukuma turbini, nishati ya maji yanayoporomoka, na nguvu yenyewe, yaani nishati kwa kila sekunde, ipimwayo kwa wati.

Kiswahili kina maneno yote matatu. Darasani husikika «force», «énergie» na «puissance» tu. Mwanafunzi akianguka mtihani, tusiseme haraka kwamba hajui hesabu. Tumpe kwanza kamusi.