Somo la Afya: Madhara ya Mionzi Baada ya Upasuaji wa Saratani ya Koo

Mgonjwa wa saratani ya koo anapomaliza mionzi na kurejea nyumbani, jamaa hudhani kuwa mateso yamekwisha. Kumbe vidonda vya kinywani, ambavyo huanza takriban wiki ya pili au ya tatu ya tiba, mara nyingi huzidi mwishoni mwa tiba na katika wiki moja au mbili zinazofuata, ndipo hupungua. Asiyejua hayo huenda akadhani kuwa tiba imeshindwa.

Katika hospitali zenye vifaa hivyo, uvimbe mdogo wa koo huweza kuondolewa kwa mikono ya roboti inayopitishwa mdomoni, ikiongozwa na daktari mpasuaji. Hata hivyo, uwe upasuaji wa roboti au wa kawaida, wagonjwa wengi huhitaji mionzi ili kuangamiza chembe za saratani zilizosalia. Kwa kawaida hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa muda wa wiki 6 hivi.

Mionzi hiyo hujeruhi pia sehemu zilizo nzima. Mate hukauka, ladha hupotea, ngozi ya shingo hubadilika rangi na kumeza huuma. Mgonjwa asukutue mara kadhaa kwa siku kwa glasi ya maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi. Ale vyakula laini kama uji na mtori, aepuke pilipili, ndimu, pombe na tumbaku. Akishindwa kumeza hata maji, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Lipo dhara moja linalochelewa na kusahauliwa. Kinywa kikavu huozesha meno upesi, na mfupa wa taya uliopigwa mionzi hupona kwa shida. Jino liking'olewa, hata baada ya miaka mingi, sehemu ya mfupa huo yaweza kufa. Kwa hiyo meno yachunguzwe kabla ya mionzi kuanza. Baada yake, kila aendapo kliniki ya meno, mgonjwa atangulize kusema kuwa alipigwa mionzi ya shingo, na aoneshe karatasi zake za matibabu.

Mwisho, mionzi itokayo katika mashine ya nje haibaki mwilini, wala saratani haiambukizwi kwa kula pamoja. Tusimtenge mgonjwa, tukae naye, tule naye, na tumkumbushe siku zake za kliniki.