Gitaa la Besi la Zamani Kama Zana ya Kufundishia Sauti

Shule kukosa maabara si sababu ya kufundisha somo la sauti kwa maneno matupu. Mwalimu aliyepangiwa Ubaruku, katika bonde la Usangu, aweza kupata gitaa la besi la umeme lililoachwa na bendi ya dansi, nyuzi zimeshika kutu na shingo imepinda. Aina hii ya gitaa ilienea baada ya Leo Fender kutoa la kwake mwaka 1951, na bendi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ziliupa muziki wetu wa dansi mapigo yake mazito. Lisipelekwe kwa fundi kabla wanafunzi hawajaliona likiwa bovu, kwani ubovu ndio somo lenyewe.

Kazi huanza kwa uchunguzi, si kwa bisibisi. Nyuzi nne zilizokazwa huivuta shingo kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 60, na mbao hunyonya unyevu wakati wa masika na kukauka kiangazi. Mwanafunzi anayejua jinsi mlango unavyogoma kufunga wakati wa mvua hahitaji maelezo marefu hapa. Ndani ya shingo mara nyingi kuna ufito wa chuma unaopingana na mvuto huo. Shingo ikiinamia mbele kupita kiasi, nati ya ufito hukazwa robo mzunguko tu, kisha gitaa huachwa na kupimwa tena. Nati ikigoma, isilazimishwe; ufito ukikatika, kuurudishia ni kazi ya fundi hodari, tena kwa gharama.

Shingo ikishanyooka, wanafunzi wapime uzi kutoka kichwani hadi darajani. Katika besi nyingi watapata sentimita 86 hivi. Uzi mnene kabisa, uitwao E, hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Nusu yake, yaani sentimita 43, huangukia penye freti ya 12, na hapo mitetemo huwa maradufu. Mwanafunzi auguse uzi juu ya freti hiyo bila kuubana, aupige, kisha aubane na kuupiga tena. Sauti mbili hizo zapasa kulingana.

Mara nyingi hazilingani, na hapo mwalimu asiharakishe kutoa jibu. Awaulize: ikiwa vipimo ni sahihi, kwa nini sauti ya kubana imepanda? Baada ya majaribio kadhaa watagundua kwamba kidole kinapobana huuvuta uzi na kuukaza zaidi. Dawa yake ni kukisogeza nyuma kidogo kibebeo cha uzi kilichoko darajani, ili uzi urefuke. Sauti ikiwa imeshuka, kisogezwe mbele. Baada ya kila badiliko uzi ulinganishwe upya. Nyuzi zilizochakaa zibadilishwe kabla ya zoezi hili, la sivyo darasa zima litafukuza kivuli.

Upande wa umeme ni mfupi. Kitufe cha sauti kinachokwaruza husafishwa, na waya uliokatika hulehemiwa. Sumaku na koili za asili zisiondolewe ikiwa zinafanya kazi. Gitaa lenyewe halina umeme wa hatari, lakini amplifaya inao. Wanafunzi wasiifungue hata ikiwa imezimwa, kwa kuwa baadhi ya vipande vyake huhifadhi umeme.