Maji Magumu na Maji Salama: Somo kutoka Masasi na Newala



Mama anayefua kwa maji ya kisima huona sabuni inakwisha bila povu, akasema, "Maji haya ni mabaya." Jirani yake aliyekinga mvua hupata povu jingi, akasema yake ni mazuri. Wote wawili wanazungumzia ugumu wa maji, wala si usalama wake. Kamati ikichanganya mambo haya mawili, fedha za mradi zitakwenda pasipostahili.

Ugumu ni nini?
Maji huwa magumu yanapobeba madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyoyeyuka kutoka kwenye miamba. Kwa kipimo kinachotumika sana, maji yenye chini ya miligramu 60 kwa lita ni laini. Yakizidi 180 ni magumu sana. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha ugumu kwa sababu za kiafya. Hasara yake ni sabuni nyingi na ukoko mweupe ndani ya birika.

Miji miwili
Newala iko juu ya Uwanda wa Makonde. Udongo wake ni wa kichanga, mvua huzama upesi, na maji hupatikana mbali sana chini. Ndiyo maana maji husukumwa kwa mashine kutoka visima vya Mitema, bondeni, hadi juu uwandani. Masasi iko chini, kati ya vilima vya mawe. Katika miaka ya 2010 ulikamilika mradi wa kuiletea Masasi na Nachingwea maji ya chemchemi za Mbwinji.

Maji yaliyopita mchangani mara nyingi huwa laini. Yaliyokaa muda mrefu katika nyufa za miamba huweza kuwa magumu. Kwa hiyo bomba na kisima katika mtaa mmoja wa Masasi vinaweza kutofautiana kuliko bomba la Masasi na la Newala. Tusiulize tu, "Ni maji ya mji gani?" Tuulize, "Yametoka chanzo gani?"

Jaribio rahisi
1. Chukua chupa mbili safi zinazolingana.
2. Moja tia maji ya mvua, nyingine maji ya kwenu, kwa kiasi sawa.
3. Tia kila moja kipande kidogo sawa cha sabuni ya mche. Usitumie sabuni ya unga.
4. Tikisa kwa muda sawa. Yenye povu dogo na utando ndiyo ngumu zaidi.

Usalama ni jambo jingine
Jaribio hili halionyeshi vijidudu. Maji laini na maangavu yaweza kuleta kipindupindu, na maji magumu yaweza kuwa salama kabisa. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na bakteria wa kinyesi hata mmoja katika mililita 100, na hilo hupimwa maabara. Hata tangi la mvua la kanisa lisilo na mfuniko si salama. Chemsha maji, au tumia dawa ya klorini kwa kipimo chake.

Maswali ya kujadili
- Chanzo chetu kiko umbali gani kutoka choo cha karibu?
- Maji yetu yalipimwa vijidudu lini?
- Tunaomba fedha kwa ajili ya sabuni, au kwa ajili ya uhai?