Kwa Nini Mgonjwa Huulizwa Jina Lake Mara kwa Mara

Mara nyingi husikika mtu aliyetoka kulazwa hospitali akinung'unika kwamba wauguzi wa siku hizi hawana kumbukumbu. "Niliandikwa jina langu mlangoni," husema, "nikaulizwa tena wodini, nikaulizwa nilipoletewa dawa, na hata nilipokwisha kulazwa juu ya meza ya upasuaji daktari akataka nimwambie mimi ni nani!" Manung'uniko hayo yaeleweka, kwani katika desturi zetu kumwuliza mtu jina lake mara ya tatu ni kama kumwambia kwamba hakumbukiki. Lakini hospitalini maana yake ni kinyume kabisa. Yafaa sababu zake zijulikane, ili msomaji atakapolazwa yeye au jamaa yake ajibu kwa moyo mkunjufu, na tena ajue la kufanya iwapo hakuulizwa.

Hospitali kubwa ina watu wengi, nao hubadilika usiku na mchana. Mwuguzi wa asubuhi huondoka, wa jioni akaingia. Mgonjwa huhamishwa kitanda apate nafasi mwenye homa kali. Damu yake hupelekwa maabara na mtu asiyemjua, na majibu huletwa na mwingine. Majina nayo hufanana. Si ajabu kuwakuta akina Kamau watatu katika wodi moja ya Nyeri, au akina Otieno watatu huko Kisumu, na kwa Mombasa akina Mohamed Ali pengine ni wengi kuliko vitanda. Kumtambua mtu kwa namba ya kitanda hakufai hata kidogo, maana kitanda hakiumwi, na ziko wodi ambamo wagonjwa wawili hulala kitanda kimoja. Ndiyo sababu mwaka 2007 Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri kwamba mgonjwa atambuliwe kwa mambo yasiyopungua mawili, kama vile jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa, na kwamba namba ya chumba au kitanda isihesabiwe kuwa mojawapo. Mambo hayo huandikwa katika ukanda mdogo unaofungwa mkononi, nao haufai kuvuliwa mpaka mgonjwa aruhusiwe kwenda nyumbani.

Namna ya kuuliza nayo ina elimu yake. Mwuguzi aliyefundishwa vema hasemi, "Wewe ndiwe Kamau?" Mgonjwa mwenye maumivu, au mzee asiyesikia vizuri, au mtu mwenye kuogopa wenye koti jeupe, ataitikia "Ndiyo" kwa lolote aulizwalo. Husema, "Jina lako nani?" kisha hunyamaza akasubiri, ndipo alinganishe jibu na ukanda wa mkononi na karatasi ya dawa.

Madhara ya kukosa kufanya hivyo yalionekana mwanzoni mwa mwaka 2018 katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, ambayo wazee waliijua kwa jina la King George. Walikuwako wanaume wawili walioumia kichwani, wote wawili hawajitambui. Mmoja alihitaji kupasuliwa ili damu iliyoganda ndani ya kichwa iondolewe. Mwenzake alikuwa na uvimbe tu, ambao ungetibiwa bila kisu. Habari zilizotangazwa zilieleza kwamba vibandiko vya majina vilichanganywa, akapelekwa chumba cha upasuaji yule asiyestahili. Madaktari walifungua fuvu, wakatafuta damu iliyoganda wasiione, na ndipo ilipojulikana kwamba huyo siye. Daktari mpasuaji, wauguzi wawili na mtaalamu wa dawa ya usingizi walisimamishwa kazi.

Watu wengi walipoisikia habari hiyo walitaka kujua ni nani mwenye kosa. Swali hilo lina haki yake, lakini liko jingine lenye faida zaidi: mgonjwa yule alipita mikononi mwa watu wangapi tangu kitandani hata mezani, na kila mmoja akadhani kwamba mwenzake amekwisha kuhakikisha?

Dawa ya dhana hiyo ilikuwa imekwisha kutolewa miaka 10 kabla. Mwaka 2008 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa karatasi moja yenye mambo 19 ya kuhakikishwa kwa sauti katika kila upasuaji, kwa vituo vitatu. Kituo cha kwanza ni kabla ya kutia dawa ya usingizi: mgonjwa ataje jina lake, apasuliwe nini na upande gani, na alama iwekwe mahali penyewe. Cha pili ni kabla ya kisu kugusa ngozi: wote waliomo hujitaja majina na kazi zao, huthibitisha tena mgonjwa ni nani, na huulizana kama dawa ya kuzuia vijidudu imetolewa katika dakika 60 zilizopita. Cha tatu ni kabla mgonjwa hajatolewa chumbani: vyombo, sindano na vitambaa vya kufutia damu huhesabiwa, kisije kikasahauliwa kimoja tumboni.

Karatasi hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, na mmojawapo ni Ifakara, nchini Tanzania, katika bonde la mto Kilombero. Mingine ni kama London, Manila na New Delhi. Wagonjwa waliohesabiwa walizidi 7,600. Taarifa iliyotolewa mwaka 2009 ilionyesha kwamba vifo vilipungua kutoka 1.5 kwa mia hadi 0.8 kwa mia, na madhara makubwa kutoka 11 kwa mia hadi 7 kwa mia. 

Hata hivyo karatasi si hirizi. Mwaka 2014 ilitolewa taarifa ya hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, zilizoamriwa kuitumia, na vifo havikupungua kwa kiasi cha kutajika. Sababu zilibishaniwa sana. Wengi walisema, nami naona ni kweli, kwamba alama ya kalamu inaweza kutiwa na mtu ambaye hakuuliza lolote.

Katika wodi, jambo linalotaka uangalifu kupita mengine ni kutiwa damu. Damu ya binadamu ina makundi manne, A, B, AB na O, na anayetiwa kundi lisilopatana na lake aweza kufa hata kwa damu kidogo. Kwa hiyo watu wawili husoma pamoja jina na namba zilizo katika mfuko na katika ukanda, wakiwa kando ya kitanda, si mezani kwao. Robo saa ya kwanza mgonjwa huangaliwa sana. Akianza kutetemeka, au kuumwa kiuno, au kukosa pumzi, jamaa aliye karibu asingoje mzunguko wa daktari. Amwite mwuguzi papo hapo ili damu isimamishwe.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Aje na dawa zote anazotumia, hata zile za mitishamba, na aseme bila haya ni dawa gani iliyowahi kumdhuru. Akiletewa kidonge chenye rangi asiyoizoea, aulize kwa adabu, "Mwuguzi, hii ni yangu kweli?"

Na yule asiyejitambua, asiye na jamaa wala kitambulisho? Huyo hupewa namba na jina la muda, na wakiletwa wawili usiku mmoja haifai wote waandikwe "Mtu Asiyejulikana" tu. Jamaa wakija kumtafuta wasikubali kusomewa jina katika daftari mlangoni, bali waombe kupelekwa hadi kitandani, wamtazame uso, kisha mwuguzi auandike ukanda upya mbele yao na kubadilisha karatasi zake zote saa ile ile.