Kuezua Paa Kuukuu na Kukodi Gari la Taka Zake
Kijitabu cha elimu kwa wananchi wa Kata ya Nyakakika, Wilaya ya Karagwe

Dibaji

Kila kiangazi, baina ya Juni na Agosti, kabla mvua za Septemba hazijawadia, watu wengi wa Nyakakika, kama wenzao wa Kayanga, Omurushaka na wilaya jirani ya Kyerwa, huazimia kuliondoa paa lililoliwa na kutu na kuezeka mabati mapya. Na aghalabu hesabu yao hukomea katika bei ya mabati, mbao, misumari na ujira wa fundi, wasitie ndani yake mahali pa kulipeleka lile paa la zamani wala chombo cha kulichukua. Kijitabu hiki kimekusudia kujaza pengo hilo, maadamu taka za paa ni dhamana ya mwenye nyumba hata zifike mahali pa haki.

1. Madhara ya kuziacha nyumbani

Nyumba za Karagwe husimama katikati ya kibanja, penye migomba na kahawa, na kila msumari udondokao hapo humngoja mkulima apaliliaye peku. Viini vya pepopunda hukaa udongoni na katika samadi, kwa hiyo hata msumari usio na kutu huweza kuviingiza mwilini. Na aliyechomwa sharti aoshe jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha aende zahanati bila kuchelewa, akaulizwe habari ya chanjo yake. Ng'ombe naye humeza msumari au kipande cha waya pamoja na majani, kikakaa katika tumbo lake la pili, kikalitoboa, na pengine kikaufikia moyo; mfugaji akapoteza mali asijue sababu. Ama taka zitupwazo korongoni, mvua huzikokota hata mabondeni, na maji ya nchi hii huishia katika Mto Kagera, ulio mkubwa kuliko mito yote iingiayo Ziwa Viktoria.

2. Kuchambua kabla ya kupakia

Mtu asipochambua taka zake, atalipa nauli ya vitu ambavyo vingemfaa. Nyasi za paa la kale, zikiisha kukung'utwa na kutolewa waya na misumari, ni matandazo mema ya migomba. Mabati yaliyo mazima bado huezeka banda la kuku au jiko la nje, na yaliyooza huuzwa kuwa chuma chakavu kwa mnunuzi mwenye kibali. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, hasa zile zenye rangi ya kijani, zisifanywe kuni kwa hali yoyote, kwani dawa hiyo yaweza kuwa na zarniki, ambayo ni sumu, na sumu hiyo hutoka katika moshi na kusalia katika majivu.

Hadhari kubwa kupita zote ni ya asbesto, yale mabamba ya kijivu, magumu mfano wa saruji, yaliyoezekwa zamani katika baadhi ya majengo ya taasisi. Shirika la Afya Duniani limethibitisha kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Mwenye kuyashuku asiyavunje, asiyakate kwa msumeno, wala asifagie vumbi lake likiwa kavu; bali asimamishe kazi na ampashe habari Afisa Mazingira wa Halmashauri, wala asiyachanganye na shehena nyingine.

3. Kuchagua gari

Huko Marekani, mwenye kubadili paa hukodi kontena kubwa lililo wazi juu, likawekwa uani siku kadhaa, kisha likachukuliwa likiwa limejaa. Na kwa kuwa mapaa mengi ya huko ni vigae vya lami, hesabu yao kubwa ni ya uzito. Kwetu hali ni nyingine. Bati moja la futi 10, la geji 30, lina uzito wa kadiri ya kilo 6 au 7, basi mabati 60 hayapiti sana kilo 400, mzigo ambao Canter huubeba bila taabu. Lakini mabati yaliyopindika hujaza nafasi upesi, na yasipofungwa barabara upepo huyapeperusha njiani, yakamjeruhi mpita njia. Yalazwe, yapangwe, yafungwe kwa kamba na kufunikwa turubai, wala asiketi mtu juu yake. Kifusi cha matofali na udongo, kilicho kizito, kipewe safari ya peke yake. Tena gari litafutwe mapema, kwa sababu kiangazi ndio msimu wa kahawa, na magari mengi huwa kazini.

4. Mapatano na mwenye gari

Yaandikwe mbele ya shahidi: idadi ya safari au siku, nani atoe mafuta, nani alipe wapakiaji, na mzigo ushushwe wapi. Mahali pa kushusha paulizwe kwanza kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziwajibisha serikali za mitaa kusimamia taka ngumu. Sehemu ya ujira izuiwe hata ithibitike kwamba mzigo umefika, maana dereva aliyelipwa yote mapema huweza kushawishika kuumwaga katika bonde la karibu.

5. Siku ya kazi

Watoto na mifugo waondolewe. Turubai litandikwe chini ya ukingo wa paa. Kila msumari ung'olewao utiwe katika debe. Jioni, sumaku ya spika kuukuu ya redio ifungwe kamba na kuburutwa uani kote, nayo itaokota misumari iliyofichwa na majani.

Nasaha

Ewe mwenye nyumba, usimruhusu fundi apande ngazi kabla hujajua gari litakalokuja na mahali litakapokwenda. Gharama ya gari itie katika bajeti yako pamoja na bei ya mabati, na jirani yako anayeezeka msimu huu mshirikishe safari moja, mgawane nauli.