Kabla Fundi Hajavunja Ukuta: Mabomba ya Nyumbani na Mipango ya Ukarabati

Bili ya maji inapopanda ghafla, wengi hulaumu mita. Mara nyingi maji yanapotea ndani ya boma, na mwenye nyumba anaweza kuthibitisha hilo mwenyewe kabla ya kumlipa fundi. Siku ambayo maji ya mgao yapo, afunge koki zote pamoja na valvu inayoingiza maji kwenye tangi, asome mita, kisha arudi baada ya saa moja. Mita ikiwa imesonga, bomba linavuja kati ya mita na tangi, pengine chini ya ardhi. Ikiwa imetulia, afungue valvu hiyo tangi likiwa limejaa na asome tena. Ikisonga safari hii, ama boya halifungi au maji yanavuja ndani ya nyumba.

Ndani, choo kichunguzwe kwanza, kwa kuwa huvuja kimyakimya. Rangi kidogo ya chakula itiwe kwenye tangi la choo, na watu wakae dakika 20 bila kuvuta maji. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini umechakaa. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde nayo humwaga takriban ndoo ya lita 20 kwa siku. Dawa yake ni washa ya bei ndogo. Kuikaza kwa nguvu, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi, huharibu koki nzima.

Harufu mbaya katika bafu lisilotumika si lazima iwe ni bomba lililopasuka. Maji yanayokaa kwenye kona ya bomba chini ya sinki au sakafu huzuia hewa chafu kupanda. Yakikauka, njia hubaki wazi. Jagi moja la maji linatosha.

Hapa mwambao, nyumba nyingi huchanganya maji ya mfereji na ya kisima chenye chumvi. Chumvi hula mabomba ya chuma kutoka ndani, hadi maji yanatoka mekundu na membamba. Nyumba ya namna hiyo ikikarabatiwa, ni hasara kuweka vigae vipya juu ya mabomba ya zamani. Mabomba ya PPR hayashiki kutu, ila ya maji moto yawe yale yaliyoandikwa kuwa ya maji moto. PVC ya kawaida hulegea kwa joto.

Kosa kubwa la ukarabati ni kununua vigae kabla ya kuamua choo, sinki na bafu vitakaa wapi. Choo kikihamishwa, bomba lake la maji taka linahitaji mteremko wa takriban sentimita 2.5 kwa kila mita. Likienda mita 4, mwisho wake utashuka sentimita 10, na sakafu ikikosa kina hicho, choo kitaziba kila mara. Tangi la juu nalo lina hesabu yake. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja, kwa hiyo mhandisi aulizwe kama paa litabeba. Kimo cha mita 10 ndicho huleta shinikizo la bar 1, hivyo tangi lililo mita 3 tu juu ya bafu huleta maji dhaifu.

Kila chumba chenye maji kiwe na valvu yake ya kufungia, ili koki moja ikiharibika nyumba nzima isikatiwe. Mabomba yajazwe maji kwa shinikizo na kuachwa usiku kucha kabla ya plasta. Fundi anayekataa kipimo hiki asipewe kazi. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi husajili mafundi, na si vibaya kuomba kuona kitambulisho. Ofisi ya mipango ya kaunti iulizwe mapema kuhusu kibali, hasa maji taka yanapoelekezwa upya.

Kuta zipigwe picha mabomba yakiwa bado wazi, futi ya kupimia ikionekana. Mwaka ujao mtu atataka kutundika kabati hapo.